Fundi Tuliyemsikia kwa Simu

Mwezi uliopita tulimzika Edson Silavwe kwao Ndalambo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu ambao kwa muda mrefu nilijitahidi kuuruka. Watu wakiniuliza nilianzaje kazi za ofisi, huwa naanzia Vwawa, nilikohamia baadaye nikiwa na meza yangu na funguo zangu. Tunduma naipita kama abiria aliyesinzia. Lakini Edson nilimjulia Tunduma, na nilimjua kwa namna ambayo sijamjua mtu mwingine yeyote: kwanza sauti yake, kisha mwendo wa mkono wake, na uso wake ukaja mwisho kabisa, wakati tulikuwa tumeshaoneana aibu kiasi cha kututosha maisha yote.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, karibu na barabara ya mpakani. Dirisha moja lilitazama malori yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, na kwa sababu injini hazikuzimwa, kuta zetu zilikuwa na rangi ya moshi hata pale zilipopakwa rangi upya. Tulikuwa watu wawili tu. Bosi wangu, mzee Haonga, alikuwa wakala wa mizigo, mtu mnene mpole aliyependa kukaa mlangoni akisalimiana na madereva, Wazambia akiwaambia “muli shani” na Watanzania akiwatania makabila yao. Mimi nilikaa ndani na kompyuta. Nilikuwa nimetoka Isansa na cheti cha mafunzo ya miezi michache, na mzee Haonga aliamini kwamba mtu mwenye cheti cha kompyuta anaijua kompyuta jinsi mkulima anavyolijua shamba lake. Sikumkatalia. Kazi yangu ilikuwa kuingiza taarifa za mizigo kwenye programu aliyouziwa na kampuni moja ya Dar es Salaam, na programu ile ilikuwa na tabia ya kuganda kila foleni inaporefuka. Ikiganda, karatasi hazitoki, lori halisogei, na dereva anakuja kusimama juu ya bega langu akipumua.

Kampuni ile haikuwa na fundi Mbeya wala Tunduma. Mafundi wote walikaa Dar, na walituhudumia kwa mbali. Unapiga simu, unafungua kijiprogramu fulani, kinakupa namba na neno la siri, unamsomea fundi, na yeye anaingia kwenye kompyuta yako akiwa hukohuko. Mara ya kwanza nilipouona mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini, huku mikono yangu iko mapajani, nilirudisha kiti nyuma. Mzee Haonga alikuja kutazama, akasema taratibu, “Kumbe yumo humu ndani,” na tangu siku ile aliposikia naongea na fundi alikuwa akipunguza sauti, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Fundi aliyepokea simu zetu aliitwa Eddy. Alikuwa na Kiswahili cha kuteleza, cha mtu aliyezaliwa na taa za barabarani, na alipopokea simu ya kwanza aliniuliza jina. Nikamwambia. “Loda?” akauliza. Nikasema ndiyo, Loda. “Yaani Rhoda?” Nikasema ndiyo, Loda. Sikusikia tofauti, au niseme niliisikia masikioni lakini ulimi haukuwa na mahali pa kuiweka. Kwetu Isansa, kwa Kinyiha chetu, sauti hiyo haipo, na kila mtu aliyewahi kuniita kwa upendo ameniita Loda. Sikuwahi kufikiri kwamba nina tatizo mpaka nilipotakiwa kusoma maneno ya siri. Yale maneno hayakuwa maneno. Yalikuwa herufi zilizomwagwa ovyo, na mara nyingi ndani yake palikuwa na ile moja.

“Sema tena dada. Le au re?”

“Le.”

“Le ya Lindi au re ya Ruvuma?”

“Le ya Luvuma,” nilisema, na nyuma yake chumba kizima kilicheka.

Kilikuwa kicheko cha watu wanaofanya kazi pamoja, wamekaa karibukaribu, ambao mchana umewachosha na wamepata kitu cha kuwaamsha. Nilidhani wanacheka jambo lao. Eddy alijaribu herufi moja, ikakataa, akajaribu nyingine, akaingia, akaitengeneza programu kwa dakika chache na karatasi zikatoka. Nilimshukuru sana. Nilikuwa namheshimu kama daktari. Hata nilipokuwa nakula peke yangu pale chumbani kwangu mtaa wa Mwaka, nilikopanga, nilikuwa najikuta narudia maneno yake: “ngoja tucheki hapa,” “usiguse kitu kwanza.” Nilitaka siku moja niyaseme kwa mtu.

Kisha ikaja siku ya spika. Printa ilikuwa imegoma, foleni imefika hadi njia panda, na ndani ya ofisi walikuwa wamesimama madereva kadhaa pamoja na mzee Haonga mwenyewe. Niliweka simu kwenye spika ili mikono yangu iwe huru. Eddy akaniambia nisubiri kidogo, akaiweka simu yake mezani bila kuikata, na sote tukamsikia akiwageukia wenzake. “Jamani, yule wa Tunduma yuko hewani,” akasema. Halafu akaikaza pua na kuipandisha sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu. “Kaka, plinta haiplinti, nimelistati, bado skilini inalukaluka.” Wakacheka mpaka mtu mmoja akapiga meza. Mwingine akaomba arudie ile ya Luvuma, naye akarudia. Aliiga vizuri mno. Aliiga hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kusema na mtu ninayemheshimu, ambayo sikujua kwamba ninaivuta.

Madereva wakaanza kucheka. Mzee Haonga naye akacheka, kwa tumbo, bila ubaya wowote, huku akinipiga begani, na ulimi wake yeye ulikuwa uleule wangu. Nami nikacheka. Ningeweza kuizima spika, ningeweza kutoka nje, lakini nilicheka, tena kwa nguvu kuliko wote, nikimtazama mmoja baada ya mwingine ili waone kwamba sijaumia. Eddy aliporudi kwenye simu na kusema kwa ile sauti yake ya upole, “Haya dada Rhoda, tuendelee,” nilimjibu, “Sawa kaka,” na sikutumia neno lolote lenye herufi ile mpaka kazi ikaisha.

Sasa nina umri wa kuwa na mabinti wanaonirekebisha mimi, na bado sijui kwa nini jambo dogo vile liliingia ndani hivyo. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifukuza kazi. Lakini kuanzia siku ile nilianza kuchagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Badala ya barabara nilisema njia. Badala ya kurudi nilisema kuja tena. Maneno ya siri nilianza kuyatuma kwa ujumbe wa simu, nikisema kelele za malori zimezidi. Asubuhi, nikichota maji bombani Mwaka, nilikuwa najizoeza kimoyomoyo, ulimi umebana juu ya meno, na wapangaji wenzangu wakadhani nasali. Nilijizoeza hadi nikaharibika upande wa pili. Nilipokwenda Isansa siku moja wakanipa somo la kusoma kanisani, nikasoma “mrima” na “marango” mbele ya watu walionijua tangu nikiwa mgongoni, na mabenchi ya akina mama yakatikisika kwa kicheko kilichozibwa na khanga. Shangazi yangu aliniambia nje ya kanisa, “Mwanangu, umekuwa redio ambayo haijashika stesheni.” Kwa hiyo nilikuwa na aibu Tunduma kwa kusema kikwetu, na aibu nyumbani kwa kusema kigeni.

Chakula cha mchana tuliletewa na Mama Nanyinza, mwanamke wa Kinamwanga aliyepika karibu na stendi ya malori. Alikuja na ndoo yenye mfuniko, ndani yake ugali umeviringwa kwa nailoni, mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, na kapenta, wale dagaa wa kukaanga waliotoka upande wa Zambia. Alikuwa na mdomo usioogopa mtu. Kinamwanga na Kinyiha vina undugu wa kutosha, kwa hiyo nilikuwa nafuata mengi aliyosema. Siku moja aliingia wakati Eddy yuko ndani ya kompyuta yangu anatafuta faili lililopotea. Simu ilikuwa kwenye spika. Sikuwa na ujanja mwingine. Mama Nanyinza alitua ndoo, akasimama kuutazama ule mshale uliokuwa ukipita huku na huku, ukifungua na kufunga, kisha akasema kwa Kinamwanga kwamba mkono huu ni wa mwanamume asiye na mke, maana anafunua kila sufuria na hajui chumvi iko wapi.

Eddy akacheka.

Alicheka kabla yangu. Kilikuwa kicheko kilichomtoka bila ruhusa, cha kifuani, tofauti kabisa na vile vya ofisini kwao. Mshale ukasimama katikati ya skrini. Mama Nanyinza akanitazama, akaitazama simu, akanyanyua nyusi. Nikaisogelea simu nikamsalimia Eddy kwa Kinamwanga, salamu ile ya kawaida ya mchana. Nyuma yake nilisikia mtu anauliza, “Eddy, unacheka nini peke yako?” naye akajibu kwa Kiswahili chake cha kuteleza, “Hamna, hawa wateja bwana.” Halafu kwenye skrini yangu ukafunguka ukurasa mweupe wa kuandikia, na herufi zikaanza kutokea moja moja, bila mkono.

*Naomba usiseme. Huku hawajui.*

Yalikaa pale kwa muda wa kuyasoma, kisha yakafutwa, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka ukurasa ukabaki mtupu. Faili akalipata. Akaniaga kwa sauti, “Siku njema dada,” kama kawaida.

Mtu angedhani nilifurahi. Nilijaribu kufurahi. Usiku ule nilipanga maneno ya kumkomesha, nikayapanga hadi yakawa matamu, lakini asubuhi nilipokaa mbele ya kompyuta nilichokuwa nacho kilikuwa kingine. Nilikuwa namwona kijana fulani anajizoeza kama mimi, ila yeye alifaulu. Na nilijiuliza ilimgharimu nini. Alipoingia tena kutengeneza programu, akaufungua ule ukurasa bila mimi kumwomba, akaandika: *Mvua zimeanza huko?* Nikaandika kwamba zimeanza, na kwamba barabara ya Momba tayari ina matope. Akaandika: *Mimi ni wa Ndalambo.* Akafuta.

Basi tukawa na mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Kwa simu alikuwa Eddy, na kwenye ukurasa mweupe alikuwa Edson. Edson aliandika Kiswahili kilichochanganyika na Kinamwanga, mimi nikajibu kwa Kiswahili na Kinyiha, na tulifuta kila mstari ulipokwisha kusomwa. Aliniambia kwamba alipofika Dar kusoma, wiki ya kwanza tu, walimpa jina la utani kwa jinsi alivyotamka, jina ambalo hakutaka kuniandikia. Alipopata kazi kwenye kampuni ile aliamua hatakuwa tena mtu yule. Aliwaambia kwamba yeye ni mtoto wa Dar, wa kuzaliwa. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, aliandika, lakini kila siku ulitaka kulishwa. Hakuwa amekwenda nyumbani miaka kadhaa, kwa kuogopa kwamba akirudi Dar atakuwa amerudi na ulimi wa zamani.

Na wenzake walipotaka burudani, bado aliwapa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuisimulia hata kwa mume wangu. Programu inaganda, napiga simu, namsikia anatamka kwa sauti ya kuchezea, “Haya dada, le ya Lindi au re ya Ruvuma?” na chumba kinacheka, na papo hapo, kwenye skrini yangu, herufi zinatokea: *Nisamehe.* Nami najibu kwa mdomo ninachotakiwa kujibu ili wacheke, na kwa vidole naandika: *Haina shida.* Ilikuwa na shida. Lakini nilikuwa msichana aliyekaa peke yake katika chumba chenye moshi, na yule alikuwa mtu pekee aliyeniuliza kama mvua zimeanza.

Mambo yaligeuka Mama Nanyinza alipoleta habari kwamba amepata mgeni. Jirani yake wa zamani wa Ndalambo alikuwa amekuja Tunduma kutibiwa macho, mtoto wa jicho pande zote mbili, na alikuwa akisubiri siku yake ya hospitali. “Ana kijana Dar wa mambo ya kompyuta,” Mama Nanyinza akaniambia huku ananiwekea kapenta. “Hajamwona tangu ameondoka. Kila anayepita na simu anamuuliza kama humo ndani hayumo.” Akanitazama. Alikuwa ameshajua, alikuwa amejua tangu siku ya kile kicheko.

Nilimwandikia Edson. Akaandika: *Macho yamefikia wapi?* Nikamwambia kwamba anaona mwanga na vivuli. Akaandika kwamba nimlete kesho mchana, wakati wenzake wanakwenda kula, naye atabaki peke yake. Niwashe ile kamera ndogo iliyo juu ya skrini, yeye ataweza kumwona. Mama atamsikia kwa simu. Aliandika haraka, akikosea herufi, na mara ile hakukumbuka kufuta. Nilifuta mimi.

Siku iliyofuata Mama Nanyinza alimshika mkono mama yule mpaka ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na kichwani kitambaa cheupe cha kanisani. Shikamoo yangu aliipokea kwa kunishika uso kwa viganja vyote viwili. Mzee Haonga alimpisha kiti chake mwenyewe, akatoka nje akafunga mlango ili madereva wasiingie. Nikawasha kamera. Sura ya mama ikajaa kwenye skrini, macho yamefunikwa na ukungu wa kijivu, ameinua kidevu akisikiliza. Nikapiga simu, nikaweka spika. Eddy akapokea, akaingia kwenye kompyuta, nikaona mshale unasogea hadi karibu na lile shavu na kutulia hapo.

Halafu nikasikia vicheko. Sahani zilikuwa zikigongana. Mtu alisema kwa mvua hii ya Dar leo hatoki mtu, chipsi zote zimeletwa, Eddy njoo ule zisipoe. Nilielewa kabla sijafikiri, nikanyoosha mkono nizime spika, lakini mama alikuwa amekwisha sikia pumzi ya mwanawe. Aliita. Aliita jina lake lote, Edson, na baada yake yale majina ya kubembelezea ambayo mama wa kwetu humwitia mtoto, kwa Kinamwanga, kwa sauti ya juu, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Kule Dar msichana mmoja akauliza, “Eddy, bibi gani huyo? Mbona kajaa skrini yako?” Na mwingine, “Anaongea lugha gani?”

“Wateja hao,” Edson akasema. Halafu akaisogelea simu, na kwa ile sauti nzuri, laini, iliyofunzwa, akasema, “Samahani mama, nadhani umekosea namba. Hapa ni huduma kwa wateja.”

Sijui nilitegemea nini kwenye skrini. Nadhani nilitegemea ukurasa mweupe. Hakuandika kitu. Mshale ulibaki pale kwenye shavu mpaka simu ikakatika na mshale ukapotea. Mama Nanyinza alianza kutukana kwa Kinamwanga. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nikijifanya natafuta waya. Nilikuwa nimeona aibu nyingi mwaka ule, lakini ile haikuwa yangu, na niligundua kwamba aibu ya mtu mwingine, ukiishuhudia karibu, haina pa kukimbilia. Yako angalau unaweza kuicheka.

Mama yake aliinua mkono, Mama Nanyinza akanyamaza. “Si yeye,” mama akasema. “Mwanangu hana sauti ile.” Akageuza uso kunitafuta. “Binti, usijisumbue. Si yeye.” Akasimama, akajitengeneza kitambaa, akauliza mlango uko upande gani.

Siku mbili baadaye programu ilipoganda alipokea msichana. Aliniuliza herufi kwa upole, akangoja, na akaniambia Eddy ameomba ruhusa, ana dharura ya familia. “Hata hatukujua kama ana familia,” akaongeza. Jioni hiyohiyo, nikifunga dirisha, alitokea mtu mlangoni. Alikuwa mfupi, ana miwani, viatu vya mjini vimejaa vumbi la stendi, na begi dogo ameliweka mbele ya kifua kama ngao. Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Hatukusalimiana.

“Loda,” akasema. “Mama yuko wapi?”

Nilimpeleka Mwaka kwa miguu, nyumbani kwa Mama Nanyinza. Mama yake alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, jicho moja limefungwa bandeji kwa kuwa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, anachambua maharage kwa vidole. Edson alipiga magoti mbele yake, akamwamkia kwa Kinamwanga. Mama alimshika kichwa, masikio, mabega, akamuuliza kama amekula. Kisha Mama Nanyinza akaleta ugali bila kumtazama usoni, maji ya kunawa yakaletwa, na nikaambiwa nami nikae. Tukala. Mama alimuuliza habari za safari, za basi, za afya. Hakumuuliza jambo lingine. Nilianza kuamini kwamba litapita hivihivi, na nadhani Edson naye alianza kuamini, maana alianza kumega matonge makubwa.

“Juzi,” mama akasema, akimega tonge, “huyu binti alinizungumzisha na kijana mmoja kwenye mashine yao. Kijana mwenye adabu. Aliniita mama, aliniomba samahani.” Akachovya tonge kwenye mboga. “Lakini nilimhurumia. Alionekana hana kwao.”

Edson aliweka tonge lake chini. Alilia akiwa ameinama juu ya sahani, bila sauti, mwanamume mzima, na mama yake akamsogezea bakuli la mboga mpaka likagusa mkono wake. “Kula,” akasema, “wewe una kwenu.”

Ningependa kuandika kwamba alirudi Dar akawaambia. Hakuwaambia. Alikaa Ndalambo siku chache, akarudi kazini, akaendelea kuwa Eddy. Simu zetu alimwachia yule msichana, na mwaka ulipokwisha nami nikapata kazi Vwawa nikaondoka. Lakini kila mwaka tangu wakati ule alikuja kumwona mama yake, na kila alipopita Vwawa alikula kwangu. Tulizungumza yote isipokuwa yale. Jicho moja la mama lilipona, lingine halikupona; na uzee ulipofika ukalichukua na lile zima. Edson aliugua ghafla akafia hukohuko mjini, na mwili ukaletwa kwao.

Wenzake wa kazini walikuja na basi dogo, wamevaa fulana za kufanana zenye picha yake. Walilia kwa kweli, walimpenda. Nilikaa karibu na mama kwenye mkeka, kwa sababu aliomba mimi ndiye nimshike. Ulipofika wakati wa wasifu, mmoja wao, mtu mzima sasa, alisimama na karatasi waliyoiandaa Dar, akasoma kwa sauti nzuri iliyofika hadi kwa watu waliosimama kwenye mahindi. Akasema marehemu Eddy alizaliwa Dar es Salaam, akakulia Dar es Salaam. Ukapita mnong'ono kwenye mikeka. Msomaji akanyanyua macho, akalitazama kaburi lililochimbwa kando ya kaburi la baba yake Edson, akalitazama na jina lililoandikwa kwenye msalaba, na nikaona inamwingia taratibu. Karatasi ikamshuka mkononi.

Mama alinivuta kwa khanga. “Amesema alizaliwa wapi?” akaniuliza kwa Kinamwanga.

“Ndalambo, mama,” nikasema. “Amesema alizaliwa hapa.”

Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri tu, siku zote. Aliugeuza uso kule ilikotoka ile sauti, kisha akanipapasa mkono.

“Basi amesema vizuri,” akasema. “Mwambie aendelee.”